Maswali ya Wasomaji: Pesa za Miaka ya Kufunga Mkanda

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani watuandikie kuhusu tabia za fedha ambazo wazee wao walizipata katika miaka ya vita na uhaba. Barua zimekuja nyingi. Tumechagua tano, nyingine tumezifupisha.

Shikamooni. Bibi mzaa mama ana miaka 74, tunaishi naye Nkuhungu, jumla tuko watano. Akipewa pesa hazilali, anakwenda dukani siku hiyohiyo. Juzi nilihesabu vilivyo chini ya kitanda chake: sabuni za mche 31, sukari kilo 22, pakiti 40 za chumvi, na doti 9 za khanga ambazo hazijakatwa. Mume wangu anasema ni uchoyo. Je, ni uchoyo kweli? Tumfanyeje?
*Mjukuu, Nkuhungu*

Marahaba. Uchoyo haumo hapo. Bibi anapiga hesabu, na kwa wakati alipojifunza hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na nchi iliyozibeba ilikuwa imeshaumia tayari: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kahawa ilishuka bei, na mwaka 1979 mafuta yakapanda bei tena duniani. Fedha za kigeni zilikwisha. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi, maduka yakabaki na rafu tupu.

Bibi yako wakati huo alikuwa mama wa miaka 28 au 30. Bei ya sabuni ilikuwa imepangwa na Tume ya Bei, na kwa bei hiyo sabuni ilikuwa rahisi. Shida ni kwamba haikuwapo. Shehena ikifika kwenye ghala la kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, habari zinaenea usiku, foleni inaanza alfajiri. Mwenye shilingi mia na mwenye shilingi kumi walirudi wote mikono mitupu kama mzigo uliisha kabla ya zamu yao. Kilichompa mtu sabuni kilikuwa kuwahi, kujuana na muuzaji, au kuwa na kibali. Saruji na bati navyo vilikwenda kwa kibali. Vinginevyo alikwenda kwa mlanguzi na kulipa mara kadhaa ya bei ya serikali. Katika hali hiyo noti mkononi ni ahadi tu, sabuni ndiyo mali. Hata unga ulikuwa wa bahati. Watu walikula unga wa njano wa mahindi ya msaada, ule walioubatiza unga wa Yanga kwa rangi yake.

Halafu noti zenyewe zilikuwa zinayeyuka. Kuanzia 1980 hadi 1984 bei nchini zilipanda kati ya asilimia 25 na 36 kila mwaka. Chukua asilimia 30 kwa urahisi wa hesabu: shilingi 1,000 zilizofungiwa kwenye kibubu, baada ya miaka 5 zilinunua vitu ambavyo mwanzoni vingepatikana kwa shilingi 269. Aliyepeleka benki hakuponea huko, kwa sababu riba ya akiba ilikuwa chini mno ya mfumuko wa bei. Aliyenunua sabuni na khanga mwaka 1980 alihifadhi thamani kuliko aliyeweka pesa. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu vijana wengi huwacheka wazee kwa jambo ambalo wazee walilifanya kwa akili.

Lakini hesabu imebadilika. Tangu 2018 mfumuko wa bei umekaa kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka. Kwa asilimia 3.3, shilingi 1,000 baada ya miaka 5 bado zinanunua vitu vya shilingi 850. Na duka halijafungwa: sabuni ipo asubuhi na jioni. Kwa hiyo shehena ya bibi sasa inamgharimu, na kila kitu kinamgharimu kwa namna yake. Sabuni ya mche haina hasara kubwa. Ikikauka inakuwa ngumu na hudumu zaidi kwenye maji, ndiyo maana wazee huianika kabla ya kuitumia. Sukari hushika unyevu, huganda na kuita sisimizi. Familia ya watu watano ikitumia kilo 4 kwa mwezi, kilo 22 ni ya miezi mitano na nusu, nyingi kupita kiasi. Chumvi haiozi, lakini madini joto yaliyomo hupungua pakiti ikikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, na pakiti 40 ni za miezi 20. Khanga zihamishwe tu kwenye sanduku la bati, panya wasizifikie.

Cha kufanya: msiondoe kitu wakati hayupo. Mtu aliyeishi miaka ya uhaba akikuta akiba yake imepungua bila kuambiwa, ataongeza maradufu na kuficha mbali zaidi. Mpeni kazi ya kuwa mtunza stoo wa nyumba nzima. Kubalianeni kiwango, mathalani matumizi ya miezi 2: sukari kilo 8, sabuni 8, chumvi pakiti 4. Kila kinachotumika jikoni kitoke kwake, kilicho cha zamani kwanza, na kisinunuliwe kipya mpaka kiwango kifikiwe. Aandike au aandikiwe kwenye daftari. Akiba itashuka yenyewe bila mtu kuvunjiwa heshima. Pesa yake mpeni kila wiki kidogo kidogo badala ya mara moja kwa mwezi. Fungu dogo halimsukumi kukimbilia dukani.

Naomba kujua, kufunga mkanda kulitakiwa kuwe kwa muda gani? Tunabishana kijiweni.
*Mwendesha bodaboda, Manyoni*

Miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi miezi hiyo baada ya vita, mwaka 1979. Dhiki yenyewe iliendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Milango ya biashara ilianza kufunguliwa mwaka 1984, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, na shilingi ilishushwa sana mwaka 1986, kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola moja. Ukimwambia mzee wa rika lile kwamba jambo fulani ni la muda mfupi, usishangae akikutazama kwanza.

Habari za kazi. Nimesikia Mpango wa Karanga hapa kwetu ulikuja kwa sababu Waingereza walikuwa kwenye mgao wa chakula. Ni kweli? Na wao kwao vita iliwafanya watunze pesa au waogope pesa?
*Mwalimu wa sekondari, Kongwa*

Nzuri, mwalimu. Ni kweli, na swali lako la pili ndilo zuri zaidi.

Mgao wa chakula Uingereza ulianza tarehe 8 Januari 1940 na kitu cha mwisho, nyama, kiliondolewa tarehe 4 Julai 1954. Vita iliisha 1945, mgao ukaendelea miaka tisa. Mkate, ambao haukuwekwa kwenye mgao wakati wa vita, uliwekwa baada ya vita, 1946 hadi 1948. Kiasi kilibadilika mara kwa mara, lakini katika vipindi vigumu mtu mzima kwa wiki alipata siagi gramu 57, chai gramu 57, sukari gramu 227 na yai moja. Nguo zilianza kwenda kwa kuponi tarehe 1 Juni 1941, kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza.

Mafuta ya kula ndiyo yaliyokosekana zaidi, na hapo ndipo Kongwa inapoingia. Mpango ulianza 1947 kwa lengo la kulima ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, kwa bajeti ya mwanzo ya pauni milioni 25. Udongo wa Kongwa, ambao mkulima wa Ugogo angewaeleza bure, ni mfinyanzi wenye mchanga mkali: kiangazi hukauka ukawa mgumu, mchanga ukasaga majembe ya trekta, na karanga zikang'ang'ania ardhini wakati wa kuvuna. Mvua nayo haikufuata ratiba. Januari 1951 mpango ulifutwa, na deni la takriban pauni milioni 36 likafutwa pamoja nao. Sufuria ya mama wa Kiingereza haikupata mafuta yale.

Sasa kuhusu pesa. Mgao wa kule na mgao wa hapa miaka ya 1980 vilifanana kwa jina, lakini vilizaa tabia tofauti. Kule kila mtu alikuwa na kitabu chake cha mgao, na kwa vyakula vikuu aliandikishwa kwenye duka moja maalumu. Duka lililetewa mzigo kulingana na idadi ya walioandikishwa. Gramu zako 57 za chai zilikuwa chache, lakini zilikuwa zako. Hata ukienda Ijumaa badala ya Jumatatu utazikuta. Mtu mwenye uhakika wa kidogo hana sababu kubwa ya kuficha kingi. Hapa kwetu mzigo ulikuwa haujulikani utafika lini wala utatosha nani, kwa hiyo aliyekuta bidhaa alinunua yote aliyoweza, hata ambayo hakuihitaji, akabadilishane na jirani. Ulimbikizaji ulizaliwa na kutokuwa na uhakika, zaidi ya uchache wenyewe. Nchi inayotaka kuwazuia watu wasilimbikize ingeanzia hapo kabla ya kuwakamata.

Na kwa kuwa Waingereza walikuwa na kazi na mishahara lakini vya kununua havipo, pesa zilibaki mikononi. Serikali ilizifuata: vikundi vya akiba viliundwa mitaani, shuleni na viwandani. Mtoto aliweza kununua stempu ya peni 6, na cheti cha akiba kiliuzwa kwa shilingi 15 za Kiingereza. Mchumi John Maynard Keynes alipendekeza mwaka 1940 kwamba sehemu ya makato irudishwe kwa wananchi baada ya vita, na kuanzia 1941 sehemu ya kodi ya mapato ikaandikwa kama deni la serikali kwa mlipaji. Wazee walianza kulipwa 1946. Wengine walisubiri hadi miaka ya mwanzo ya 1970, na wakati huo fedha ile ilikuwa imeliwa na kupanda kwa bei. Kwa hiyo walijifunza kuweka akiba, ndiyo, na wengi walijifunza pia kwamba akiba isiyoongezwa riba ya kutosha ni mkopo uliompa mwenzako.

Shikamooni wahariri. Baba yetu alifariki mwaka jana. Wakati wa kubomoa chumba chake tumekuta debe limefukiwa, ndani kuna noti nyingi, nyingine zimeliwa na mchwa na nyingine zimegandana. Alikuwa na akaunti benki miaka yote, hatukujua habari za debe. Kwa nini alificha, na sasa tufanye nini?
*Watoto wa marehemu, Mpwapwa*

Marahaba, na poleni kwa msiba.

Tuanze na noti, kwa kuwa kuna mlango umeshafungwa. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuondoa noti zote zilizotolewa kuanzia 1985 hadi 2003, za shilingi 20 hadi 10,000, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si fedha halali. Kwa hiyo zitengeni mafungu mawili. Zile zinazofanana kabisa na noti za 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zinazotumika sokoni leo ni hai, hata kama zimechakaa. Nyingine zote ni kumbukumbu. Akitokea mtu wa kuwaambia ana njia ya kuzibadilisha kwa kamisheni, msimpe hata senti.

Fungu lililo hai: msizioshe, msipige pasi, msibandike gundi wala kuzibandua kwa nguvu zilizogandana. Noti ikichanika mkononi mwenu vipande hupotea, na anayekagua anahitaji kuona vipande vikiwa pamoja. Zilazeni kwenye bahasha ngumu kwa thamani zake, andikeni idadi nje, mpeleke benki. Zilizochakaa tu hupokelewa. Zilizoliwa vibaya hupelekwa Benki Kuu kukaguliwa, na hiyo ndiyo inayoamua zipi zinalipwa. Mkumbuke kuwa fedha hizi ni za mirathi. Zihesabiwe mbele ya ndugu, ziingie kwenye orodha ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, pamoja na akaunti yake na salio la simu.

Kwa nini alificha? Hatuwezi kusema yaliyokuwa moyoni mwa baba yenu. Lakini rika lake liliona Machi 1983. Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza msako wa wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikatungwa sheria yenye mahakama yake maalumu. Walanguzi wakubwa waliokamatwa walikuwepo kweli, na watu wengi waliufurahia msako. Lakini kuonekana na mali kulikuwa kuulizwa umeitoa wapi, na wenye maduka madogo waliogopa sawa na wenye maghala. Bidhaa zilitupwa mitoni na vichakani usiku ili zisikutwe nyumbani. Mtu aliyepita hapo alijifunza kugawa fedha zake mara mbili: ya kuonekana, ambayo iko benki, na ya kuponea, ambayo hata mke haijui.

Kwa wazee walio hai, msidai kuonyeshwa. Ombeni karatasi moja tu iliyofungwa kwenye bahasha, iandikwe mahali palipo na fedha, jina la benki, kikundi cha VICOBA, na nani anamdai au anadaiwa naye. Namba za siri zisiandikwe humo. Bahasha ikae kwa mtu anayemwamini, hata kama si mtoto wake. Na anayeogopa benki kufilisika aambiwe jambo ambalo mwaka 1983 halikuwepo: Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye akaunti hadi shilingi 7,500,000 benki ikifungwa, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023. Kinga hiyo haihusu VICOBA wala upatu.

Babu yangu akisikia neno benki anajibu "Mtunya", anasema alilisikia kwa baba yake. Kwake akiba ni ng'ombe na ghala la nafaka. Nina shilingi 3,000,000 za kuuza alizeti. Nimfuate?
*Mkulima kijana, Bahi*

Mfuate nusu njia.

Mtunya ni njaa ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika hapa, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo. Waingereza walioingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916 nao wakachukua. Mvua ilipogoma hakukuwa na akiba wala mikono ya kulima. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Noti za dharura zilizochapwa na Wajerumani zikabaki karatasi. Wazee waliobaki walihitimisha kwamba kinachookoa ni mifugo iliyotawanywa kwa jamaa wa mbali, ambako askari na ukame haviwezi kufika kwa siku moja, na jamaa wa kumwendea wakati wa kuhemea.

Kutawanya ndiyo akili iliyomo, na wengi huiacha hiyo wakabaki na ng'ombe tu. Ng'ombe wote katika zizi moja hukonda pamoja. Kosa linalorudiwa kila ukame ni kuuza kwa kuchelewa: Novemba na Desemba mnyama amekonda, kila mtu anauza, bei imeanguka, na mahindi Kibaigwa yamepanda. Mtu anauza ng'ombe wawili kununua gunia ambazo Julai angezipata kwa mmoja. Mnyama wa kuuzwa auzwe Juni au Julai, akiwa na mwili na nafaka ikiwa imetoka shambani. Na fedha hiyo inunue nafaka papo hapo.

Nafaka nayo ina adui ambaye baba wa babu hakumjua. Dumuzi, ambaye wakulima walimwita Scania, aliingia nchini karibu na miaka ileile ya vita vya Kagera. Anasaga mahindi na makopa kuwa unga ndani ya miezi. Mtama na uwele havimpendezi sana, kwa hiyo akiba ya muda mrefu iwe ya hivyo.

Mahindi uyaanike juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, mpaka unyevu ufike asilimia 13. Kukadiria bila kifaa, ingawa kipimo hiki hakionyeshi asilimia 13 kamili: chupa ya kioo iliyokauka, jaza theluthi moja kwa punje, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani. Ikiteleza, jaza mfuko wa kilo 100 wenye nailoni mbili ndani. Pulizia kila nailoni hewa kwanza ujue kama imetoboka. Ukishajaza, kamua hewa yote, sokota mdomo wa nailoni ya ndani, ukunje, ufunge kwa kamba. Halafu ya pili vivyo hivyo. Halafu mfuko wa nje. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Usifungue kwa miezi miwili, kwa sababu wadudu hufa kwa kukosa hewa na kila ukichungulia unawapa hewa nyingine. Ukifunga mahindi mabichi humo utapata uvundo na sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi ya namna hiyo hayaponi kwa kuoshwa wala kupikwa.

Katika 3,000,000 zako, kwanza toa chakula cha nyumba hadi mavuno yajayo, na mbegu za msimu. Katika kinachobaki, nusu iende kwenye mifugo ya aina mbili, kwa mfano ndama mmoja na mbuzi. Mbuzi huuzwa kwa haja ndogo bila kumgusa ng'ombe. Nusu nyingine iwe benki, ambako utaifikia mwezi wa Desemba bila kumpeleka mnyama aliyekonda mnadani. Ng'ombe akae kwa mjomba, kijiji kingine, na mwandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: rangi ya mnyama, alama ya sikio, na ndama wa kwanza atakuwa wa nani.